UZI: Kansa na dawa za mimea, kuanzia ua la vinka hadi mti wa Shimba Hills

Mfamasia wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki bila ujumbe mpya kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Leo mstafeli, kesho manjano na pilipili manga, keshokutwa mbegu za papai. Mwisho wake ni ule ule: "madaktari hawataki ujue". Chini yake huwa kuna kambi mbili zinarushiana maneno. Hawa wanasema mimea inatibu kansa na kemo, yaani zile dawa kali za hospitali za kuua seli za kansa, ni sumu ya wazungu. Wale wanasema mitishamba ni ushirikina, nendeni hospitali. Mimi kazi yangu ni kuchanganya dawa za kemo, na kambi zote mbili huwa zinanichekesha, maana kabati ninalolifungua kila asubuhi limejaa mimea.

Nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Tuanze na vinka. Kile kimaua cha pinki au cheupe, petali tano, kinaota hata kwenye ufa wa saruji, wengi tumekipanda barazani au tumekikuta makaburini. Jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus na kwao ni Madagaska, ila siku hizi kimeenea pwani zote za joto. Kule Jamaica watu walikuwa wanachemsha majani yake na kunywa kama dawa ya kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, akaletewa bahasha ya majani hayo kutoka Jamaica, naye akampa ndugu yake Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Panya wakanyweshwa. Sukari haikushuka. Wakachomwa sindano ya mshipa, sukari ikagoma vile vile, ila baada ya siku chache panya wakaanza kufa mmoja mmoja. Kuwapima, wamejaa maambukizi mwilini na chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zimekwisha. Hapa watu wengi wangeyatupa yale majani na kutafuta dawa nyingine ya kisukari. Robert Noble na mkemia Charles Beer wakawaza tofauti: kitu kinachofuta chembe nyeupe namna hii, kikikutana na kansa ya damu, ambako chembe nyeupe ndizo zimepagawa, itakuwaje? Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza mmea huo huo kwa upande wake, ikapata nduguye, vinkristini, ambayo iliruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Sasa shikeni hili, ndilo limenifanya nianzishe uzi. Panya walionywa ile chai hawakupata kitu, si nafuu wala madhara ya maana. Dawa ilijionyesha ilipoingia kwenye mshipa. Na hilo jani lina alkaloidi (kemikali kali za mimea) zaidi ya 100 ndani yake, vinkristini ikiwa chembe tu kati ya hizo: unahitaji mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja.

Gramu moja hiyo inatibu wagonjwa wengi sana. Kichupa chenyewe hakifiki hata kidole gumba, maji yake hayana rangi, miligramu 1 ndani ya mililita 1, kinakaa kwenye friji. Dozi ya mtu mzima kwa kawaida haivuki miligramu 2 kwa mara moja, hata awe na mwili wa bondia. Naivuta kwa bomba nikiwa nimevaa glavu mbili, naiingiza kwenye mfuko mdogo wa dripu, halafu nabandika karatasi yenye maandishi makubwa: KWA MSHIPA WA DAMU TU, NI MAUTI IKIPITA NJIA NYINGINE. Huo mfuko si urembo. Shirika la Afya Duniani liliusisitiza kwa sababu kuna wagonjwa, nchi mbalimbali, waliochomwa dawa hii uti wa mgongo kwa bahati mbaya, na karibu wote walifariki. Dawa ni ile ile ya ua la barazani.

Na isionekane ni hadithi ya mbali. Mwaka 1958 huo huo daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua mbio mbio, siku hadi siku unauona. Ndio ugonjwa unaoitwa kwa jina lake mpaka leo. Miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi waligundua kwamba uvimbe ule unayeyuka kwa dozi chache za dawa, na vinkristini ilikuwa mojawapo. Kituo cha kuwatibu watoto hao kilichoanza Mulago mwaka 1967 ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Ngoja nile, narudi na sehemu ya pili. Kuna mti wa hapa hapa kwetu nataka niwasimulie.

Kijiwe Nongwa

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Binti Mtulivu

Kumbe vinka! Bibi yangu anazo mbili mlangoni, anaziita maua ya kufukuza nyoka 😂

Mkweli Mtupu

Mleta uzi umeandika vizuri ila umejifunga goli mwenyewe. Umekiri dawa zenu ni mimea. Basi kwa nini nisiende kwenye mmea moja kwa moja, nikaacha kulipa mamilioni? Mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko kemo, na huo ni utafiti wa wazungu wenyewe, si wa Mkweli. Hawautengenezi kwa sababu hauna hela. Mti wa Mungu hauna hati miliki.

Mfamasia wa Zamu

Mkweli, karibu. Hiyo 10,000 najua ilikotoka, na wala hukudanganywa namba.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha kazi juu ya mbegu za mstafeli. Kemikali moja waliyoitoa humo, wakaimimina kwenye seli za kansa ya utumbo mpana zilizooteshwa kwenye kisahani cha maabara, ikaziua kwa kiasi kidogo mara 10,000 kuliko dawa ya kemo inayoitwa Adriamycin. Hapo ndipo habari yote ilipoishia. Kemikali moja iliyosafishwa, aina moja ya seli, kisahani. Mgonjwa hayumo, tumbo halimo, ini halimo, na majani unayochemsha wewe hayamo, wao walitumia mbegu. Ujumbe wa WhatsApp umeruka kutoka kisahani hadi kwenye sufuria yako bila kupita popote.

Halafu kuna upande ambao hawaufowadi. Kisiwa cha Guadeloupe, Karibi, madaktari walishangaa kuona wazee wengi wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson lakini hausikii dawa za Parkinson. Mwaka 1999 wakachapisha kwamba wengi wao walikuwa walaji wazuri wa stafeli na wanywaji wa chai ya majani yake. Mstafeli una kemikali inayoitwa anonasini, inazima mtambo wa nishati ndani ya seli, na seli za ubongo ziko kwenye orodha. Hilo halimaanishi usile tunda. Tunda kula. Ninachosema ni kwamba anayekunywesha vikombe vitatu kila siku mwaka mzima anakupa kitu chenye nguvu kweli, ila hajui nguvu hiyo inaenda wapi.

Kuhusu hela: dawa ya kemo ya Taxol, ndiyo hiyo hiyo paklitakseli, imetoka kwenye ganda la mti, na kampuni iliyoiuza ilifika mahali inaingiza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Mti wa Mungu haukuwazuia. Kati ya 1960 na 1982 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipima mimea inayokadiriwa kufika spishi 35,000, ikiwemo ya Afrika Mashariki, ikitafuta hasa hicho unachosema kinafichwa. Zilizofika hadi kwa mgonjwa zinahesabika kwa vidole.

Kijiwe Nongwa

Kisahani hata maji ya betri yanaua kansa 😂😂

Mkweli Mtupu

Sawa. Tupe huo mti wa kwetu tuone.

Mfamasia wa Zamu

Nakuja. Kwanza Taxol, maana bila hiyo mti wa kwetu hauelezeki.

Agosti 1962, msitu wa jimbo la Washington, mtaalamu wa mimea Arthur Barclay anabandua magamba ya mti mmoja mfupi, wa kivulini, ambao wakata mbao walikuwa wanauchoma moto kama takataka. Taxus brevifolia. Magamba yakapelekwa kwa Monroe Wall na Mansukh Wani huko North Carolina. Waliichambua miaka, umbo la kemikali hiyo wakalichapisha 1971. Bado hakuna aliyekuwa na hamu nayo sana, mpaka 1979 Susan Horwitz wa New York alipoonyesha inavyoua.

Seli ikitaka kugawanyika inajenga nyuzi za kuvutia urithi wake pande mbili. Chukulia jukwaa la miti la mafundi wa ghorofa. Vinkristini inamzuia fundi kuunga mti na mti, jukwaa halisimami. Taxol inafanya kinyume: jukwaa linasimama, lakini misumari haing'oki, halivunjiki kuhamishiwa upande wa pili. Kwa vyovyote kazi imekwama na seli inafia katikati. Nyuzi hizo hizo ndizo zinazosafirisha mizigo ndani ya mishipa ya fahamu, safari ndefu kutoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu. Ndiyo maana dawa zote mbili huleta ganzi inayoanzia vidoleni. Na nywele zinadondoka kwa sababu shina la nywele nalo linagawanya seli usiku na mchana, dawa haina macho ya kumtambua nani ni nani.

Taxol iliruhusiwa Desemba 1992 kwa kansa ya mfuko wa mayai, baadaye ya matiti. Shida ikawa mti. Ukiubandua ganda unakufa, na mgonjwa mmoja anamaliza miti kadhaa. Watetezi wa misitu wakaja juu, wagonjwa wakaja juu, kila mtu ana hoja. Aliyewaokoa wote ni Mfaransa Pierre Potier: kwenye majani ya mti wa jamii hiyo unaopandwa Ulaya kama uzio kuna kemikali iliyobakiza hatua chache tu iwe Taxol. Majani unayapogoa, mti unachipua tena. Hatua zilizobaki zikamaliziwa maabara. Dositakseli mnayoisikia, dawa ya kemo nduguye Taxol, nayo ilizaliwa humo humo.

Sasa njooni Kwale, pwani ya Kenya.

Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan wa Virginia alitangaza kemikali aliyoitoa kwenye mti uliochumwa Ethiopia, jamii ya Maytenus. Akaiita maitansini. Kwenye seli ilikuwa kali kuliko vinkristini mara mia na zaidi. Tatizo, kwenye mti kiasi chake ni kidogo mno. Wakatafuta nduguye mwenye kiasi kikubwa zaidi, wakampata Maytenus buchananii, na wapi? Shimba Hills, nyuma ya Diani pale, palipokwisha kuwa hifadhi. Mwaka 1976 zilivunwa tani 27 na ushee za mti huo kwa ajili ya majaribio ya Marekani. Miaka minne baadaye wakahitaji tena. Wavunaji walihangaika, maana miti ilikuwa haijarudi.

Na majaribio yenyewe? Wagonjwa walitapika, waliharisha, walilegea, mishipa ya fahamu ikaumia, na uvimbe wa wengi haukupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dawa ikawekwa kando. Tani 27 za mti wa Kwale zikaishia kwenye faili.

Ingekuwa sinema ingeishia hapo. Lakini kuna watu hawakuisahau. Walifikiri hivi: sumu hii ni kali mno kuimwaga mwili mzima, je, tukiifunga kwenye kingamwili, yaani protini ya ulinzi wa mwili, kinachojua anwani ya seli ya kansa? Kuna kansa ya matiti ambayo seli zake zina alama nyingi ya HER2 juu ya ngozi yake. Trastuzumabu ni kingamwili kinachoikamata alama hiyo. Wakaichukua maitansini, wakaibadilisha kidogo ili ipate mahali pa kufungwa, wakaifunga kwenye trastuzumabu. Kingamwili kinashika, seli inakimeza, sumu inafunguka ikiwa ndani. Februari 2013 Marekani wakairuhusu kwa jina la Kadcyla. Miaka 41 tangu Kupchan.

Nashusha pumzi. Maswali?

Mdigo Asili

Mimi nyumbani ni Kwale, huko ulikotaja nachunga mbuzi tangu mtoto. Hii habari ya tani 27 sijawahi kuisikia kwa mzee yeyote, na wazee wetu wa kaya, walinzi wa misitu yetu mitakatifu, wanajua kila mti uliokatwa bila ruhusa. Swali langu ni moja tu, na naomba lisizungushwe. Sisi tulipata nini? Mti umekatwa kwetu, dawa inauzwa kwa bei ambayo mama wa Kwale haioni hata ndotoni. Mgao uko wapi?

Mfamasia wa Zamu

Sizungushi. Sijui mgao wowote uliofika Kwale, na kwa sheria za wakati ule hakukuwa na pa kuudai. Mkataba wa bayoanuwai unaosema mimea ni mali ya nchi ulikuja 1992. Itifaki ya Nagoya, inayoweka utaratibu wa mgao, ni ya 2010. Tani zenu ziliondoka 1976.

Na kuna kona nyingine chungu zaidi. Sumu iliyomo kwenye Kadcyla leo haitoki kwenye mti kabisa. Mwaka 1977 Wajapani walikuta bakteria anayetengeneza kemikali ndugu wa maitansini, na sasa anafugwa kwenye matangi. Wapo hata watafiti wenye ushahidi kwamba kwenye baadhi ya miti ya ukoo huo mtengenezaji ni vijidudu wanaoishi ndani ya mizizi, mti umewapangisha tu. Kwa hiyo hata leo ukienda mahakamani na mti wako, kampuni itakuonyesha tangi.

Binafsi naona bado mnadai, japo si kisheria. Kupimwa kwa binadamu kulikofanya watu wajue dawa hii inafanya nini mwilini kulitegemea mti ule. Bila kushindwa kule hakuna ambaye angefikiria kuifunga kwenye kingamwili.

Mdigo Asili

Nimekuelewa. Sijaridhika, ila nimekuelewa.

Mkulima wa Nandi

Wadau, kwetu kuna tenduet, Wakikuyu wanauita muiri. Ganda lake lilibebwa kwenda Ulaya kwa malori. Wazee hulichemsha kwa shida ya mkojo. Je, huo si wa kansa ya tezi dume? Duka moja mjini wanauza vidonge vyake na kwenye boksi wameandika "kinga ya saratani".

Mfamasia wa Zamu

Huo ni Prunus africana. Ulaya wanautumia tangu miaka ya 1960 kwa tezi dume iliyotanuka tu, ule utanuzi wa uzee ambao si kansa: mkojo unakatakata, unaamka usiku mara nne, mara tano. Kwa hilo wapo wanaopata nafuu. Ulivunwa kwa fujo hadi 1995 ukaingizwa kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Hatari yake ni hii. Dalili za utanuzi na za kansa ya tezi dume zinafanana mwanzoni. Mzee anakunywa vidonge, mkojo unatoka vizuri kidogo, anatulia. Kama chini yake kuna kansa, inaendelea kimya kimya hadi mgongo uanze kuuma. Kwa hiyo apime kwanza, ajue ni kipi kati ya viwili, halafu ganda lake tutaliongelea. Hayo maandishi ya boksini hayana msingi.

Dada wa Mbagala

Samahani kaka, mimi nina jambo la kweli, si mjadala. Mama yangu ana kansa ya titi, anapewa hiyo paklitakseli kila baada ya wiki tatu. Sasa anasema miguu imekufa ganzi, khanga inamponyoka mikononi. Jirani amemletea majani ya mstafeli na unga wa manjano wa kuchanganya na asali, anakunywa asubuhi na jioni, kwa daktari hajasema kwa sababu anaogopa kufokewa. Na pia nauliza, mbona kabla ya dripu wanamchoma sindano tatu nyingine? Mama anasema wanamjaribishia dawa.

Mfamasia wa Zamu

Dada, pole sana wewe na mama.

Naanza na sindano. Hawamjaribishii chochote. Paklitakseli haikubali kuyeyuka kwenye maji, inabidi iyeyushwe kwenye kimiminika kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, ndiyo, mbarika huo huo wa shambani. Kimiminika hicho kinaweza kuamsha mzio mkali: kifua kubana, presha kuanguka, ndani ya dakika chache za mwanzo. Zile sindano ni za kuzuia mzio huo. Ukiona nesi anakaa karibu naye dripu inapoanza, ndicho anachokichungulia. Mama akisikia kifua kinabana au uso unawaka moto, aseme hapo hapo, asijikaze.

Ganzi ya miguu na kuponyokwa na vitu ni ya kuripoti KABLA ya dripu inayofuata. Usingoje tarehe. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuchelewesha au kubadilisha dawa. Ikiachwa ikazidi, wengine hubaki nayo miaka.

Sasa ya jirani. Manjano kwenye mchuzi hayana neno, apike kama kawaida. Manjano ya vijiko asubuhi na jioni, na majani ya mstafeli, aache wakati yuko kwenye dripu. Paklitakseli inavunjwavunjwa na ini. Ini hilo hilo ndilo linaloshughulikia unga na majani. Likizidiwa, dawa inakaa mwilini zaidi ya ilivyopigiwa hesabu na ganzi inazidi. Au kinyume chake, dawa inatoka upesi na kansa inapata nafasi. Na umesikia hapo juu habari ya anonasini na mishipa ya fahamu. Mama tayari ana ganzi, ya nini kuongeza.

Kuhusu kufokewa, ninalijua hilo, na linaniudhi kuliko hata ujumbe wa WhatsApp. Mgonjwa akifokewa mara moja anajifunza kuficha, halafu tunashangaa vipimo vya ini vimepanda. Nenda naye wewe. Beba unga wenyewe na majani yenyewe kwenye mfuko, yaweke mezani, sema "mama amekuwa akitumia hivi". Ukikutana na mkali, muulizie mfamasia wa wodi.

Dada wa Mbagala

Ahsante. Kesho asubuhi nampigia nesi wake.

Kijiwe Nongwa

Ugua pole mama.

Mzee wa Mizizi

Nimesoma yote kimya. Mimi ni mganga wa tiba asili, nimesajiliwa, cheti kimetundikwa ukutani. Sijawahi kusema natibu kansa na siku za kikombe cha Babu, yule mchungaji aliyegawa dawa ya kunywa kule Samunge, Loliondo, 2011, watu wamelala barabarani na mia tano zao mkononi, mimi nilikuwa nawaambia wateja wangu msiache dozi zenu. Lakini ninyi wasomi nanyi mna yenu. Wanakuja hapa na mabegi, wananihoji siku nzima, wanaondoka na magamba na mizizi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia amekuta nini. Hata kama amekuta si kitu, aje aseme si kitu. Sasa kuna jani moja natumia kwa vidonda visivyopona, nadhani linastahili kupimwa. Nikilitoa, nalipeleka wapi, na nitajuaje sitaibiwa?

Mfamasia wa Zamu

Mzee, shikamoo.

Hilo la kutorudi ni kweli na sina utetezi. Majibu ni haki ya aliyetoa mmea, hata yakiwa mabaya.

Kwa Tanzania pa kwenda ni Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, chuoni. Wenzetu wa Kenya wana KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba, kuna kituo chao cha tiba za asili. Kwa kuwa umesajiliwa, anzia kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ili kuwe na barua inayoonyesha umepeleka nini na lini. Kabla hujakabidhi chochote, dai karatasi iliyosainiwa: jina lako, matumizi unayoyajua wewe, nani ataruhusiwa kuutumia, na wakipata kitu mgao unakuwaje. Wakisema karatasi itakuja baadaye, rudi na jani lako nyumbani.

Usitegemee dawa ya kansa wala usitegemee hela ya karibuni. Wengi wanaopimwa wanaangukia hatua ya kwanza: kuna sumu, au hakuna kitu, au kilichomo kinajulikana tayari. Jani kwa kidonda kisichopona, mimi ningeanza kuliuliza kama linaua bakteria. Ila kidonda chenyewe kikikaa wiki kadhaa bila kupona, kikiwa na kingo ngumu au kinatoa damu kirahisi, mtume mwenye nacho akakatwe kinyama kipimwe, maana kansa ya ngozi nayo inajificha kwenye vidonda vya hivyo. Ndugu zetu wenye ualbino ndio hasa.

Na sampuli usipeleke unga, mzee. Unga hauna uso, hakuna mtaalamu atakayeutambua. Chukua tawi lenye majani, na maua au matunda kama ni msimu wake. Litandaze katikati ya gazeti, likandamize kwa kitu kizito, badilisha gazeti kila siku hadi likauke. Mfuko wa plastiki hapana, litaota ukungu. Andika kando umelichuma wapi, tarehe gani, na jina unaloliita wewe.

Mzee wa Mizizi

Marahaba mwanangu. Maua yake yanatoka baada ya masika, basi nitangoja. Hiyo karatasi ya kusaini kuna mfano wake, au naandika kwa mkono tu?

Mfamasia wa Zamu

Uliza Baraza kwanza kama wanao mfano. Wasipokuwa nao, andika kwa mkono, nakala mbili, zote zigongwe mhuri wa serikali ya mtaa, moja ubaki nayo wewe.